Mashine Yenye Kitambaa cha Zambarau

MHESHIMIWA: Haloo... nani mwenzangu? Sauti inakatika hapa—

DADA: Namba yangu umeshaifuta?

MHESHIMIWA: Aa, Dada! Shikamoo. Nisamehe, humu ndani kuna kelele, sikutazama hata jina.

DADA: Marahaba. Umeshiba?

MHESHIMIWA: Unasemaje?

DADA: Nasikia vijiko. Nauliza kama umeshiba.

MHESHIMIWA: [anacheka] Tunamalizia tu. Kamati nzima iko hapa, tangu asubuhi tumesimama kwa miguu yetu. Ngoja nitoke nje kidogo... [mlango unafungwa] Ehe. Sasa nakupata. Mama anaendeleaje?

DADA: Mama amekuona.

MHESHIMIWA: Amenionea wapi?

DADA: Taarifa ya habari ya mchana. Televisheni ya humu wodini, iliyotundikwa juu ya mlango. Wodi nzima imekuona. Hata anayepiga deki kasimama na fagio lake.

MHESHIMIWA: Weee! Wameshaitoa? Nimetokaje?

DADA: Umetoka vizuri. Tai imekaa sawa.

MHESHIMIWA: Na maneno? Niliogopa watakata pale niliposema—

DADA: "Thamani ya fedha inaonekana kwa macho." Hawakukata.

MHESHIMIWA: Basi ndiyo hiyo! Mwenyekiti mwenyewe kanishika bega, kaniambia, makamu wangu, leo umeiheshimisha Kamati ya Hesabu. Unajua yeye si mtu wa kusifu sifu.

DADA: Hongera.

MHESHIMIWA: Dada, najua. Usiseme. Nilikuahidi nitapita wodini kumjulia hali Mama. Ratiba ilibana. Msafara ule si wangu peke yangu, kuna magari, kuna waandishi, kuna—

DADA: Alikaa kitako tangu alfajiri. Nimemchana nywele, nimempaka mafuta, amekataa hata kulala ubavu asije akakunja shuka. Kati yake na wewe ulikuwepo ua tu, huu wa kamba za kuanikia nguo, kati ya wodi yetu na hiyo mpya mliyoikagua. Ungevuka ungechafua viatu kidogo.

MHESHIMIWA: Nitakuja wikiendi. Haki ya nani, wikiendi hii—

DADA: Sikupigii kwa ajili hiyo.

MHESHIMIWA: Basi kwa lipi?

DADA: Ile mashine uliyoishika.

MHESHIMIWA: Mashine ipi? [mkwaruzo] Haloo? Rudia, umekatika.

DADA: Nasema ile mashine ya oksijeni uliyoishika kwenye televisheni. Uliiwekea mkono juu, ukaipigapiga kama mtu anayenunua ng'ombe.

MHESHIMIWA: Eeh, zile mpya za wodi mpya. Mashine nzuri sana zile, Dada. Tena hazina kelele.

DADA: Ilikuwa na kitambaa kwenye kishikio.

MHESHIMIWA: Ule utepe! Nikawatania kidogo pale, si unajua watu walikuwa wamekaza nyuso—

DADA: "Hata utepe mmeifungia, kama zawadi ya harusi." Watu wakacheka.

MHESHIMIWA: Kuchangamsha tu.

DADA: Ulikuwa rangi gani?

MHESHIMIWA: Nini?

DADA: Huo utepe wako. Rangi gani?

MHESHIMIWA: Dada jamani, nikumbuke rangi... zambarau? Una maua maua hivi. Haloo? Upo?

DADA: Maua ya zambarau. Hebu niambie, mdogo wangu Maswali, umeyaona wapi tena maua hayo? Ni gauni alilovaa Mama siku unaapishwa. Alikaa kule juu kwa wageni, akakupungia mkono mpaka askari akamwambia, mama, kaa chini. Wiki iliyopita nimekata upindo wake kwa wembe, nikafunga kwenye mashine yake, maana manesi wa usiku wanazichanganya, unaamka unakuta mgonjwa wako kapewa mbovu. Mama mwenyewe alisema kata, gauni litavaliwa lini tena.

MHESHIMIWA: Subiri. Subiri kwanza. Unataka kuniambia—

DADA: Ulishika pumzi ya mama yako, ukacheka nayo.

MHESHIMIWA: Haiwezekani.

DADA: Wamekuja asubuhi, Mganga Mkuu mwenyewe na vijana wawili. Mashine ya Mama na mashine ya Fundi, yule mshona nguo wa kitanda cha dirishani. Wakasema zinakwenda kupigwa dawa, saa sita zitakuwa zimerudi. Wametuachia mtungi mmoja wa oksijeni kwa wote wawili. Saa sita imepita, tukaletewa wewe kwenye televisheni.

MHESHIMIWA: Dada, sikiliza. Mashine zilikuwa nane. Tumezihesabu wenyewe, wajumbe wote, kwa vidole. Nane.

DADA: Ngapi zilikuwa nje ya boksi?

MHESHIMIWA: ... Mbili.

DADA: Na hizo sita mlifungua?

MHESHIMIWA: Walisema zimefungwa kwa ajili ya usafi, vumbi likiingia—

DADA: Mliinua hata boksi moja?

MHESHIMIWA: Sisi ni wabunge, Dada, si wapagazi!

DADA: Na chumba cha pili, kile chenye kufuli?

MHESHIMIWA: Mtunza stoo alikuwa na funguo. Amefiwa.

DADA: Maskini. Mwaka huu amefiwa kila mlipokuja wakubwa. Ukoo wake utakwisha.

MHESHIMIWA: Usifanye mzaha.

DADA: Nani anafanya mzaha? Nyinyi ndio mmesema mmekuja kwa ziara ya kushtukiza. Mawe ya njiani yamepakwa chokaa wiki nzima! Mpishi wa hospitali amekuja kuuliza ni mheshimiwa gani asiyekula kitunguu. Mimi ndiye niliyemjibu, nikadhani wanakupenda.

MHESHIMIWA: Lazima wajulishwe, kuna itifaki. Huwezi kuvamia taasisi ya serikali kama—

DADA: Kama nani? Kama mwizi? [mkwaruzo] Haloo... Nilidhani mnakwenda kumtafuta mwizi. Kumbe mnampigia hodi kabisa, halafu mnakaa barazani mpaka amalize kuficha.

MHESHIMIWA: Dada, unanikosea heshima sasa.

DADA: Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza miaka yote hiyo. Hata watoto wangu wa darasa la kwanza ukiwaonyesha boksi wanauliza ndani kuna nini.

MHESHIMIWA: [anavuta pumzi] Sawa. Tuseme ni kweli. Tuseme. Mkaguzi aliandika kwamba pesa za mashine zilitoka na mashine hazikuonekana. Ndiyo hoja iliyotupeleka. Leo tumezikuta, tumeweka sahihi, hoja imefungwa. Unaelewa maana ya hoja kufungwa?

DADA: Sielewi. Nieleweshe.

MHESHIMIWA: Maana yake... haifunguliwi kwa simu ya mtu mmoja kutoka wodini.

DADA: Basi usiifungue. Mimi sina shida na hoja yako. Nataka mashine. Mpigie Mganga Mkuu, mwambie zirudi sasa hivi zote mbili, basi. Hayo mengine mtajuana huko kwenu.

MHESHIMIWA: Mama ana hali gani hasa?

DADA: Sasa ndiyo unauliza. Wanapokezana na Fundi ule mtungi. Wamewasha redio ndogo ya Fundi. Wimbo mmoja Mama anavuta, wimbo unaofuata anavuta mwenzake. Likija tangazo la biashara wanacheka, maana tangazo halina mwenyewe. Kila mmoja anamsukumia mwenzake.

MHESHIMIWA: Kama anacheka basi si mbaya sana.

DADA: Midomo yake imekuwa ya buluu, Maswali. Na mshale wa mtungi umeshuka chini ya nusu tangu nianze kuutazama. Nesi nimemuuliza, anasema mtungi mwingine hakuna, labda kesho. Simu yenyewe inalia pi-pi hapa, salio linakwisha.

MHESHIMIWA: Nikate nikupigie mimi.

DADA: Ukikata hupigi. Nakujua.

MHESHIMIWA: Basi sikia, fanya hivi. Kesho asubuhi Waziri anakuja kuifungua rasmi wodi mpya. Baada ya Waziri tu kuondoka, mimi mwenyewe nitasimamia zirudi. Nakuapia.

DADA: Aa! Kwa hiyo ndiyo maana hazijarudi. Zimelazwa huko zinamsubiri Waziri.

MHESHIMIWA: Ni usiku mmoja tu, Dada.

DADA: Mshale huu haumjui Waziri.

MHESHIMIWA: Au nitume gari limchukue, tumpeleke hospitali ya kulipia. Nalipa mimi. Nina rafiki yangu pale, dakika hii hii— hapana. Hapana, hilo nalo...

DADA: Nalo nini? Malizia.

MHESHIMIWA: Waandishi. Kwenye kampeni nilisema—

DADA: "Mimi mama yangu mzazi anatibiwa pale pale mnapotibiwa nyinyi." Watu wakapiga vigelegele. Mama alikuwa amekaa mbele kabisa, akaona fahari. Ndiyo sababu alikataa nilipotaka kumpeleka kwingine. Akasema, mwanangu ataonekana mwongo.

MHESHIMIWA: Dada, mbona kila neno unanichoma nalo?

DADA: Unajua alisema nini alipokuona mchana? Alinyoosha kidole. Akamwambia Fundi, mashine yangu ile pale. Fundi akasema, na yangu ile nyuma. Halafu Mama akatabasamu kabisa. Akasema, kumbe mtoto ameifuata mwenyewe, sasa ataileta. Anautazama mlango mpaka sasa. Kila mlango ukilia anageuza shingo. Nimetoka huku koridoni nisimwone.

MHESHIMIWA: [anakohoa] ... Mungu wangu.

DADA: Mpigie.

MHESHIMIWA: Hujui unaniomba nini. Nikimwambia azirudishe, nimekiri kwamba asubuhi nilipigwa changa la macho mbele ya kamera. Au mbaya zaidi, watasema nililijua. Kuna watu kwenye Kamati wananivizia kiti—

DADA: Sikia. Gauni lipo hapa mapajani mwangu. Upindo haupo. Pale getini bado wamekaa waandishi wawili, wanasubiri usafiri. Nikilipeleka gauni hili, wakaliweka karibu na ile picha yako, hata mtoto ataunganisha. Sitaki kufanya hivyo. Wewe ni mdogo wangu, nimekubeba mgongoni. Lakini nitafanya.

MHESHIMIWA: Ungenifanyia hivyo?

DADA: Wimbo umeisha. Nimesikia Fundi anamrudishia Mama kabla ya zamu yake. Mpigie!

MHESHIMIWA: Sawa. Sawa! Usikate. Nina simu nyingine hapa. Kaa hapo hapo, usiondoke. [mlio] ... [kwa simu ya pili] Daktari! Habari za tangu tuagane. ... Njema. Chakula kimefika, tunashukuru sana. ... Sasa nisikilize, nitasema bila kuzunguka. Zile mashine mbili zilizokuwa nje ya boksi. Zirudi wodi ya zamani, sasa hivi. ... Nimejuaje si hoja. Nimejua. ... Hili si ombi, Daktari, ni agizo la Kamati. ... Ndiyo. ... Ndiyo, nimeweka sahihi. ... Wote tumeweka, naelewa. ... Naelewa itaonekanaje. ... Kisima? Kisima kimeingiaje hapa? ... [sauti inashuka] Nani amekwambia habari za kisima? ... Mkandarasi. ... Alisema ni msaada tu, kwa mzee wa— ... Sawa. Hapana, sawa, sawa, Daktari. Hayo tusiyaseme kwenye simu. ... Eeh. ... Eeh. ... Hilo... hilo ni wazo zuri. Sikuwa nimelifikiria. ... Hapana, hakuna kilichoharibika. Hoja imeshafungwa. ... Mama atashukuru sana. Asante. Asante, ndugu yangu.

DADA: Kutoka "ni agizo" mpaka "ndugu yangu". Wimbo haujafika hata katikati.

MHESHIMIWA: Dada, limekwisha. Nimelimaliza.

DADA: Kisima gani?

MHESHIMIWA: Achana na hayo. Sikiliza alichosema—

DADA: Kisima cha nyumbani? Kile ulichosema umekichimba kwa mshahara wako wa kwanza?

MHESHIMIWA: Mkandarasi alikuwa na mtambo wake karibu, akajitolea. Watu wanasaidiana.

DADA: Ndiye mkandarasi aliyejenga hii wodi mpya?

MHESHIMIWA: [kimya]

DADA: Nimewapikia wale mafundi siku nne. Nikawabebea na maji ya kunawa. Mama akakiombea dua kile kisima, akasema mwanangu amenikumbuka. Mpaka leo naogea maji yake. Ee Mola wangu... kumbe tulishakula wote sahani moja, mimi nikidhani nimekaa pembeni.

MHESHIMIWA: Unataka kukililia kisima au unataka Mama apumue? Haya. Mganga Mkuu amesema, kuzirudisha mashine kutaleta maneno. Ila kuna njia nzuri zaidi. Wanamhamishia Mama kule. Wodi mpya, chumba cha peke yake, kitanda kile kinachopanda na kushuka. Mashine yake iko pale pale, anaunganishwa anapofika tu. Wanakuja kumchukua sasa hivi.

DADA: Mama anaifuata mashine.

MHESHIMIWA: Enhe! Ulitaka mashine ije kwa Mama, Mama anakwenda kwa mashine. Tofauti iko wapi?

DADA: Na Fundi?

MHESHIMIWA: Fundi anabaki na mtungi peke yake. Hebu fikiria vizuri. Leo wanagawana, Mama akiondoka mtungi wote ni wake. Hata yeye amefaidika!

DADA: Kwa nini yeye asihamishwe? Mashine yake nayo si iko huko huko?

MHESHIMIWA: Tuanze na Mama. Hatua kwa hatua. Siwezi kumwambia Daktari anihamishie mtaa mzima, ataona... Tuanze na Mama kwanza. Dada?

DADA: Una akili wewe. Tangu utotoni.

MHESHIMIWA: Usiniseme hivyo.

DADA: Nani alikupa jina la Maswali? Mama. Kwa nini jua halianguki, kwa nini kuku hana meno, kwa nini Baba anapiga kelele usiku. Alikuwa akichoka anakuwekea kidole mdomoni. Mpaka kampeni ukaandika kwenye fulana, "Maswali atauliza". Nimevaa ile fulana. Nimekuombea kura kwa watu wa nyumba kumi, mlango kwa mlango. Leo asubuhi, kwenye chumba kile chenye maboksi, umeuliza swali gani?

MHESHIMIWA: Niliuliza... [mkwaruzo]

DADA: Sikusikia.

MHESHIMIWA: Niliuliza kama mashine zinatumia umeme mwingi.

DADA: [anacheka kidogo, cheko kavu] Haya.

MHESHIMIWA: Dada, kuna jambo moja dogo. Kesho Waziri atapita kitanda kwa kitanda. Atamsalimia Mama, na kamera zitakuwepo. Lile gauni la zambarau... asilivae. Tena lipeleke nyumbani kabisa. Na ule utepe, ukifika tu, ufungue.

DADA: Umesema?

MHESHIMIWA: Kwa usalama wetu sote.

DADA: Nilikate basi nitengeneze matambara ya deki?

MHESHIMIWA: Fanya utakavyo, ila lisionekane. Tafadhali. Funika kombe mwanaharamu apite. Hili likipita, naapa, nitaanza mimi mwenyewe kufukunyua ile stoo—

DADA: Wamefika.

MHESHIMIWA: Nani?

DADA: Manesi watatu na kitanda cha magurudumu. Shuka jipya bado lina mikunjo ya dukani. Yule mmoja tangu tulazwe hajawahi hata kuniangalia, leo ananiita mama. "Pole na kuuguza, mama." Alaa!

MHESHIMIWA: Si nilikwambia? Wewe nenda nao tu.

DADA: Nimeingia nao wodini. Wanamwinua Mama. Anauliza tunakwenda wapi. [mbali na simu] Wodi mpya, Mama. Ndiyo, ni yeye. Ndiyo, amepiga simu. ... [karibu] Anauliza na mwenzangu anakuja?

MHESHIMIWA: Mwambie anakuja.

DADA: Unasema tu, eeh? Inatoka tu mdomoni.

MHESHIMIWA: Mwambie atafuata. Si uongo, tutaona kesho—

DADA: [mbali na simu] Atafuata, Mama. Wewe tangulia. ... [karibu] Fundi ananipungia mkono. Anasema nendeni, mama, mshukuruni Mungu, mwenye mtoto ana mtu. Anatabasamu. Amezima redio, anasema haina maana tena ya kuhesabu nyimbo, mtungi sasa ni wake.

MHESHIMIWA: Unaona? Hata yeye ameridhika—

DADA: Ngoja. Ngoja kwanza. Nesi! Nesi, hicho mnakipeleka wapi? ... Hapana, hicho si cha... [kelele za magurudumu]

MHESHIMIWA: Kuna nini? Dada?

DADA: Mtungi.

MHESHIMIWA: Umefanyaje?

DADA: Wamepandisha mtungi miguuni pa Mama. Wanasema hawezi kuvuka ua bila hewa, amri ya Mganga Mkuu, mama wa Mheshimiwa asipate hata tone la taabu njiani.

MHESHIMIWA: Ni kweli, Dada, hapo ni lazima. Kumvusha bila hewa ni hatari. Wataurudisha.

DADA: Kama walivyorudisha mashine saa sita?

MHESHIMIWA: Ni ua tu! Umesema mwenyewe ni ua tu!

DADA: Ua huu huu wewe umeshindwa kuuvuka. [pi-pi] Simu hii inakata. Maswali, sikiliza. Nikisema simameni sasa, watasimama. Wananisikiliza leo, nimekuwa mtu. Nikisema mtungi ubaki, Mama ndiye atakayevuka bila hewa, na midomo yake niliyoiona. Niambie niseme nini. Niambie wewe, ndiyo kazi yako, wewe ndiye wa kusimamia!

MHESHIMIWA: Dada... mimi... mpeleke Mama.

DADA: [magurudumu yanapita]

MHESHIMIWA: Dada, mpeleke Mama!

DADA: Nimewashikia mlango.

MHESHIMIWA: Eeh?

DADA: Mlango wa wodi unajirudisha wenyewe, kitanda hakipiti. Nesi akasema mama tusaidie. Nikaushika. Mguu wangu ndio uliouzuia. Magurudumu yamepita mbele yangu na Mama na mtungi, na mimi nimeushika tu. Sikusema kitu.

MHESHIMIWA: Umefanya vizuri.

DADA: Usithubutu. Usinipe hongera, nitakutapikia hapa! [pi-pi] Nimekupigia nikiwa na gauni mkononi nikijiona mimi ndiye... [sauti inakatika] ...na sasa nimelikunja nimelitia kapuni, unavyotaka. Fundi bado ananitazama. Redio ameiwasha tena.

MHESHIMIWA: Wataurudisha, Dada. Nitampigia tena Daktari.

DADA: Wimbo umeanza. Anaweka kiganja kifuani, anasubiri tangazo... [mkwaruzo] Hujaniuliza hata jina lake. Tangu nikupigie huja— [pi-pi-pi]

MHESHIMIWA: Dada? ... Haloo? Dada, anaitwa nani? ... Huyo Fundi, wamemwachia nini sasa? Haloo? ... [mlango unafunguliwa] Naam, Mwenyekiti! Nakuja, nakuja, nilikuwa namalizia simu hapa. ... Hapana, ni nyumbani tu. ... Wazima wote, Mwenyekiti. Wote wazima.